Riali Tatu na Baisa Mia Nne

Duka langu liko Rusayl, mkabala na kiwanda cha biskuti.
Upepo ukigeuka, njia nzima hunukia vanila.

Mimi si mchumi. Nina daftari,
jalada la kijani, kona zimeliwa na mende,
na ndani yake wamo watu mia na kitu
waliokula mwezi huu kwa mshahara wa mwezi ujao.
Shafiqul wa tanuri: dengu, vitunguu, sabuni ya kipande.
Biju wa ghala: mchele, vocha, mchele tena.
Nyamizi wa kufungasha, binti wa Urambo,
ambaye Kiswahili chake kinatembea taratibu
kuliko hiki changu cha jikoni kwa mama.

Rafu ya juu, biskuti zao.
Katoni nne, vumbi juu.
Anayezioka hazinunui.
Kutwa zinampita kwenye mkanda, elfu kwa elfu;
usiku anakuja kuniuliza bei ya chumvi.

Siku moja mwenye kiwanda aliingia kununua maji.
"Biashara imelala," akasema. "Soko halina watu."
Nje ya mlango wangu walikaa watu arobaini
kwenye ukingo wa barabara, kwa kandambili,
wakigawana mkate.
Sikumjibu. Nilimrudishia chenji.

Mwezi ule akakata saa za ziada.
Mwezi uliofuata nikapunguza maziwa.
Humaid wa Barka, anayeleta maziwa, akapunguza safari,
na fundi wa gari lake akaanza kufunga saa tisa.
Wanaziba falaji huko juu,
halafu wanailaumu mitende ya chini kwa kunyauka.

Ijumaa moja, sijui nani alianza,
karatasi za mshahara zilitandazwa kwenye kaunta yangu
kando ya mizani ya sukari.
Mkanda uleule, alama zilezile za moto kwenye kiwiko:
huyu mia na ishirini, huyu tisini,
Nyamizi sabini na tano.
Mshahara ulisoma pasipoti kwanza
ndipo ukatazama mikono.
Friji yangu ikanguruma, kisha nayo ikanyamaza.
Kila mmoja aliwahi kuingia ofisini peke yake,
na kila mmoja aliambiwa:
wewe tu ndiye unayelalamika.

Jumapili wakaingia pamoja.
Ofisi ina viti viwili. Wao walikuwa thelathini na saba.
Mkanda ulisimama saa tatu nzima.
Nilitoka barabarani kunusa:
hewa tupu, na sementi ya jirani.

Waliomba riali ishirini. Wakapewa nane;
wa kufungasha, kumi na mbili.
Nane si utajiri.
Lakini nimeiona nane ikitembea.
Shafiqul alinunua viatu vyenye soli.
Biju akalipa ukurasa mzima, nikaupiga mstari kwa wino mwekundu.
Humaid yuaja mara mbili kwa wiki, na laban juu yake.
Nimeajiri kijana wa jioni.
Na katoni ya kwanza ya biskuti ikashuka rafuni,
wakazila palepale mlangoni, wakizikosoa kama mafundi:
hii imeungua, hii ni ya zamu ya usiku, hii hapana,
hii niliioka mimi.

Mwenye kiwanda ameagiza tanuri la pili.
Anasema ni matangazo yaliyofanya kazi.
Haya.

Nyamizi ndiye aliyefungua mdomo kwanza siku ile,
basi mkataba wake ndio uliogeuka mfupi.
Aliondoka na begi moja kabla ya mwisho wa mwezi,
nyongeza hakuigusa.
Juzi sauti yake ilinifikia kwenye simu, jogoo wakiwika nyuma yake:
"Mama, deni langu nalikumbuka."

Riali tatu na baisa mia nne.
Nilishika kalamu nyekundu, nikaiweka chini.
Sijalifuta jina lake.
Nimelihamishia ukurasa wa nyuma,
ninapowaandika wanaonidai.